Nani Amleaye Mlezi

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii imezoeleka masikioni hata wengi huipita bila kusimama. Lakini ndani yake limo neno ambalo leo limehama nyumba, nalo ni neno kazi. Wahenga hawakuwa na shaka kwamba kumwogesha mtoto, kumlisha, kukesha naye anaposhikwa na homa, kumfunza adabu na kumwongoza mpaka ajisimamie ni kazi, tena ndiyo kazi yenyewe. Siku hizi mtu akiulizwa habari za jirani aliyeshinda nyumbani na watoto wanne, hujibu bila kusita, "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Na akiulizwa habari za yule aliyetoka alfajiri kwenda ofisini, sokoni au pwani, husema, "Huyo anafanya kazi." Neno limetoka katika chumba cha mtoto likaenda kukaa penye mshahara.

Kuhama huko si jambo dogo, kwani kitu kikinyang'anywa jina lake hunyang'anywa na hesabu yake. Kazi ina saa zake, ina ujira wake, na ina wakati wa kupumzika. Kisichoitwa kazi hakina mwanzo wala mwisho, na anayekifanya hana kauli ya kusema kwamba amechoka. Ndiyo maana mzazi mwenye ajira, ambaye kwa hakika ana kazi mbili, huhesabiwa kuwa na moja. Ile ya pili huiingia jioni kimya kimya, akiwa amekwisha kuutumia mwili wake kwa ile ya kwanza.

Hapa ndipo linapozaliwa swali la uadilifu ambalo wazazi wengi hulibeba bila kulitamka. Mzazi anayejichosha kwa ajili ya mwanawe, je, amempa mwanawe au amemnyima? Anatoka kwenda kutafuta chakula, dawa, nauli ya hospitali na sare ya skuli, na vyote hivyo ni afya ya mtoto. Lakini anavinunua kwa usingizi wake, kwa mgongo wake, kwa subira yake na kwa saa zake, na hivyo navyo ni afya ya mtoto. Mtoto mchanga hahitaji maziwa peke yake, anahitaji na yule mwenye kuyatoa. Mtoto wa miaka sita hahitaji daftari tu, anahitaji na sikio la kuhadithia yaliyomkuta skuli. Mzazi aliyerudi nyumbani akiwa amekwisha nguvu amekuja na daftari, na sikio ameliacha njiani.

Mfano ulio wazi wa jambo hili uko katika mwambao wa mashariki ya Unguja. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Baadaye kilienea vijiji vingine vya Unguja na Pemba, na walio wengi katika wakulima wake wakawa wanawake. Mwanamke huchomeka vijiti mchangani, huvuta kamba baina yake, na juu ya kamba hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba, huanika, kisha huuza ule mkavu. Mwani huo husafirishwa nchi za mbali, na humo hutolewa dutu ya kugandishia vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Pesa zake zilipoingia vijijini, zilijenga nyumba, zilisomesha watoto, na zilimpa mwanamke kauli ambayo hakuwa nayo juu ya kile kitakachopikwa na nani atakayepelekwa kwa daktari. Asemaye kwamba mwani haukuleta heri katika afya za watoto hakuwauliza mama zao.

Lakini mwani una saa yake, na saa hiyo haikutengenezwa na binadamu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo ndipo maji hupwa mbali yakaliacha shamba wazi. Siku hizo mkulima hana hiari. Akizikosa, kamba zilizokatika hubaki zimekatika, na mwani uliokomaa huchukuliwa na mawimbi. Tena saa ya maji kupwa haisimami mahali pamoja, bali kila siku husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Leo itaangukia asubuhi wakati wa kumtayarisha mtoto kwenda skuli, na baada ya siku chache itaangukia adhuhuri wakati wa kumlisha mdogo wake. Kliniki ya watoto haiufuati mwezi mwandamo, hufuata kalenda iliyobandikwa ukutani. Siku ya kupima uzito ikigongana na bamvua, mama lazima achague baina ya afya ya mtoto na riziki ya mtoto, kana kwamba ni vitu viwili.

Na mwili nao huweka hesabu yake. Wakulima wa mwani hulalamikia viuno kwa kuinama saa nyingi, macho kwa mng'ao wa jua juu ya maji, ngozi kwa chumvi, na nyayo kwa miba na makombe. Miaka ilipopita bahari ikazidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei bora ikawa inaugua na kufa katika maji ya kina kifupi. Waliotaka kuendelea kuilima hushauriwa kwenda maji ya kina kirefu, ilhali wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Hivyo kile kilichokuwa kikitafutwa kwa kuinama, sasa hutafutwa kwa kuhatarisha roho. Mwanamke mwenye watoto watano anapoingia katika maji yanayomfika kifuani, haingii peke yake, kwani watoto hao wote wamo majini pamoja naye.

Mtu atasema kwamba hayo ndiyo maisha, na kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli. Ila methali hiyo inamhakikishia mgaagaa kitoweo tu, haimwambii nani atakayempakulia akirudi.

Jamii ya pwani inalijua jibu, na imelijua kwa karne nyingi. Katika Kiswahili cha mwambao neno mzazi lina maana ya ziada ambayo wageni wa lugha huikosa, nayo ni mwanamke aliyejifungua karibuni. Husemwa kwamba nyumba fulani kuna mzazi, na watu huelewa kwamba nyumba ile ina haki juu yao. Kwa siku 40 mzazi hapiki, hafui, wala hateki maji. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hulala wakati mtoto yumo mikononi mwa bibi, shangazi au mama mdogo. Wanawake huja na vyakula, na hakuna anayemwita mvivu. Arobaini si mila ya uchafu na usafi tu, kama wanavyodhani wanaoitazama kwa juu. Ndani yake imo kanuni ya uadilifu iliyo wazi: yule anayelea hana budi kulelewa, na mwenye kumlea si yeye mwenyewe.

Kasoro ya mila hii si kwamba imepitwa na wakati. Kasoro yake ni kwamba huisha siku ya arobaini. Siku ya arobaini na moja mlango hufunguliwa, na mzigo wote hurejeshwa juu ya bega moja, kana kwamba haja ya kulelewa ilikuwa ni jeraha lililokwisha kupona. Aidha mijini, kwenye vyumba vya kupanga ambako bibi yuko kisiwa kingine na shangazi naye yuko kazini, hata hizo 40 hupungua zikawa saba.

Sheria za kazi zilijaribu kuziba pengo hilo, na safari yake yafaa kutazamwa. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza juu ya uzazi, uliokadiria wiki 12 za likizo, sita kabla ya kujifungua na sita baada yake. Mkataba wa 1952 ulizishika wiki hizo hizo 12, na ule wa 2000 ulizifanya kuwa 14. Tanzania Bara, kwa sheria ya ajira ya 2004, ilimpa mama siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Kenya, kwa sheria ya 2007, ilimpa miezi mitatu. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya ajira mwaka 2005, na likizo ya uzazi imo ndani yake. Hizi ni haki zilizopiganiwa, na si za kubezwa.

Hata hivyo hesabu ya siku 84 ina la kusema. Siku hizo ni wiki 12. Watabibu wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Chanjo za mtoto huja akiwa na wiki sita, wiki 10 na wiki 14. Mama aliyeanza likizo siku ile ile ya kujifungua atakuwa amekwisha kurudi kazini inapofika hiyo ya wiki 14. Aliyeanza wiki nne kabla ya siku iliyotarajiwa, kama sheria ya Bara inavyomruhusu, atabaki na wiki nane tu za kukaa na mwanawe. Sheria hiyo humpa saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini mwenye ofisi mjini na nyumba shamba humaliza saa mbili hizo ndani ya gari akienda na kurudi, na maziwa yanamchuruzika juu ya nguo. Sheria imempa haki, na masafa yameichukua.

Na yule wa kwenye mwani hana hata hizo 84. Hana mwajiri wa kumwandikia barua. Aliyemnunulia mwani wake hajui kama alijifungua, na bahari haitoi likizo. Zaidi ya hapo, ile aya ya sheria inayomtaja mama inamtaja kama mtumishi, haimtaji kama mkulima, mchuuzi wa samaki wala muuza maandazi. Wale wanaofanya kazi nzito zaidi ndio walioachwa nje ya mlango.

Yumkini msomaji atapinga. Atasema kwamba mapenzi ya mzazi hayapimwi kwa siku wala kwa saa, na kwamba mama anayehesabu anachompa mwanawe si mama bali mfanyabiashara. Atasema pia kwamba kujinyima kwa ajili ya mtoto ndio ukamilifu wa utu, na kwamba dunia ingekuwa maskini zaidi lau kila mzazi angeuliza kwanza habari za kiuno chake. Pingamizi hili lina uzito, na halipaswi kuondolewa kwa maneno mepesi. Ni kweli kwamba yapo mambo ambayo yakihesabiwa huharibika. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa hataki kulipwa, na atayekuja kumlipa atamtusi.

Lakini yafaa kutofautisha baina ya kujitoa na kutolewa. Anayejitoa ameamua mwenyewe, na angeweza kuamua vingine. Anayetolewa ameachwa peke yake mpaka hana njia nyingine, kisha wale waliomwacha wakamsifu kwa ushujaa. Kwa mbali wawili hawa hufanana, kwani wote wamechoka na wote wanawapenda watoto wao. Tofauti yao haimo nyoyoni mwao, imo katika mikono ya waliowazunguka. Mume anayelala huku mkewe akikesha usiku wa tatu mfululizo, kisha asubuhi akawahadithia wenzake barazani jinsi mama watoto wake alivyo na subira, hajamsifu mke. Amejisamehe mwenyewe. Mapenzi hayahesabu, na yasihesabu. Uadilifu ndio uhesabuo, na hesabu hiyo haimlazimu mwenye kupenda, inawalazimu wanaonufaika na mapenzi yake.

Zaidi ya hayo, mtoto hakuuomba mgongo wa mama yake. Hakuna mtoto aliyetia saini kwamba mzazi wake aumwe ili yeye akue. Akikua, atakuta deni ambalo hakulikopa, na watu watamkumbusha kila anapokosea kwamba mama yake aliteseka kwa ajili yake. Wapo watu wazima wanaobeba uchungu wa namna hiyo hadi uzeeni, hawajui waulipe vipi, na mara nyingi mwenye kulipwa amekwisha kufariki. Mzazi anayejitunza humwachia mwanawe urithi mwepesi zaidi, yaani mzazi aliye hai na asiyemdai.

Wale wanaotafuta hoja katika dini watakuta kwamba jambo hili halikuachwa. Katika sura ya Baqara, aya ya 233, kunyonyesha kumetajwa kwa miaka miwili kamili, na papo hapo baba akabebeshwa chakula na mavazi ya mama. Ikakatazwa mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vile vile. Katika sura ya Twalaka, aya ya 6, waume waliowaacha wake zao wameamrishwa wawape ujira wao wakiwanyonyeshea watoto. Kunyonyesha kumeitwa jambo lenye ujira, na mama akahesabiwa kuwa mtu anayeweza kudhurika. Mengi ya yanayosemwa mitaani juu ya mama asiyechoka hayana asili huko.

Basi mzigo ukiwa mkubwa kuliko bega moja, hutafutwa bega la pili. Na hapo huzuka hatari nyingine inayozungumzwa kwa nadra. Katika nyumba nyingi za mjini bega hilo ni la binti aliyeletwa kutoka shamba au bara, ambaye huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Afya ya watoto wa nyumba hiyo imekaa mikononi mwake, na afya yake mwenyewe haiko mikononi mwa mtu. Akiumwa na kichwa huambiwa anywe panadoli aendelee. Pengine naye ni mtoto, na skuli aliyokatishwa ni sehemu ya bei iliyolipwa ili watoto wa wengine wafike skuli kwa wakati. Mzazi mwenye ajira anaweza kuwa na udhuru wa kuhitaji msaada, ila hana udhuru wa kuhamisha uchovu wake kutoka mwilini mwake na kuupeleka katika mwili wa mtoto wa mwenziwe.

Mnyororo huo hauishii kwenye ufuo. Wapo wanawake wa Unguja, Mombasa na Tanga wanaovuka bahari kwenda Maskati na miji mingine ya Ghuba kuwalea watoto wa watu, ili wapate cha kuwatumia watoto waliowaacha kwa bibi. Pesa hufika kwa simu kwa muda mfupi, na bibi hununua maziwa ya kopo na dawa ya kikohozi. Mtoto wa Maskati huogeshwa na mikono ya mama wa Unguja, na mtoto wa Unguja huogeshwa na mikono ya bibi anayetetemeka. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu mwanamke huyu. Lakini ipo haki ya kuuliza ni jamii gani iliyomfanya amlishe mwanawe kwa kumkosesha mama, na kwa nini malezi yake yapate bei pale tu yanapofanywa kwa mtoto wa mwingine.

Ama baba, yeye amekuwa mgeni katika mazungumzo haya kwa muda mrefu mno. Sheria ya Bara ya 2004 ilimkadiria siku tatu za likizo mtoto anapozaliwa, na ya Kenya ya 2007 ikamkadiria wiki mbili. Siku tatu zatosha kuchinja mbuzi wa akika na kupokea pongezi, hazitoshi kujifunza jinsi ya kumbeba mtoto. Mkono mmoja haulei mwana, na methali hiyo haikusema kwamba mikono yote miwili iwe ya mwanamke. Hata hivyo haki inataka baba naye asemewe. Mvuvi anayekwenda dago, akakaa mbali na nyumbani wiki kwa wiki, na mchukuzi wa bandarini anayebeba magunia tangu alfajiri, nao huuza miili yao kwa ajili ya watoto. Wakiumwa hufundishwa kuficha. Wakirudi hawajui waanzie wapi kuzungumza na watoto waliokua wao wakiwa hawapo. Kumwita baba mleta pesa, kisha kumlaumu kwa kuwa hana jingine la kuleta, ni dhuluma ya namna yake. Anayerudishwa kwenye malezi haongezewi mzigo, bali hupewa sehemu yake ya mtoto.

Na washairi je? Fasihi ya pwani imemwimba mzazi kwa wingi, na katika vilele vyake haikumwimba kama jiwe lisilochakaa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wake maarufu mnamo 1858, akiwa mgonjwa, na takriban miaka miwili baadaye akafariki. Wasomaji hubishana juu ya mafunzo ya ndoa yaliyomo, ilhali tukio lenyewe husahauliwa: mzazi alihisi mwili wake unakwisha kabla malezi hayajakwisha, akafanya haraka. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mkewe Amina alipofariki alibaki na watoto waliohitaji mama. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya bintiye. Huyu alikuwa mzazi mwenye ajira kwa maana kamili ya neno, mwanamume aliyetoka kazini akakaa usiku kuandika yale ambayo mama angeyasema mchana. Wote wawili walijua kwamba mlezi huisha, na kujua huko ndiko kulikozipa beti zao haja ya kuandikwa.

Yaliyofuata mara nyingi yamekuwa mepesi zaidi. Kila mwaka hutungwa mashairi ya kumsifu mama asiyelala, asiyekula mpaka wana washibe, asiyelalamika. Vina vyake ni safi na mizani yake haipungui, na pengine mtunzi ameyaandika huku mama mwenyewe yuko jikoni. Sifa kama hizo zina kosa la uadilifu ndani yake. Humgeuza mtu kuwa fadhila, na fadhila haiumwi kiuno. Shairi haliwezi kuwa malipo ya kazi ambayo mtunzi angeweza kuishika kwa mkono wake. Anayetaka kumsifu mama asiyelala, na amchukulie mtoto kwa usiku mmoja, kisha aandike.

Mambo yanayotakiwa si makubwa kama yanavyotishwa. Majira ya maji kupwa na kujaa hujulikana mwaka mzima kabla hayajafika, na hakuna kinachoizuia kliniki ya kijiji cha mwani kupanga siku zake za watoto ziepuke bamvua. Maji hayatabadilika, ratiba ya binadamu hubadilika. Kazi ya kutengeneza sabuni za mwani, ambayo baadhi ya wanawake wa Unguja wameianza, huleta sehemu ya pato nchi kavu, mbali na miba na maji ya kifuani. Ndugu watatu wa ukoo mmoja wanaweza kugawana siku za bamvua, mmoja akabaki na watoto wa wote. Mwajiri anaweza kutenga chumba chenye mlango na kiti ambamo mama atakamua maziwa bila aibu. Baba anaweza kujua tarehe ya chanjo bila kuambiwa. Hakuna katika haya linalohitaji ushujaa. Yanahitaji tu kukubali kwamba afya ya mzazi ni sehemu ya chakula cha mtoto, na kwamba chakula hicho hakina budi kupikwa na wengi.

Wahenga waliahidi kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ahadi hiyo husomwa kama habari ya uhakika, ilhali kivuli hakijileti chenyewe. Lazima awepo aliyepanda mti, au aliyesimamisha banda, au aliyetandika mkeka na kusema, "Kaa, mtoto niachie mimi." Kwa mwanamke anayepanda kutoka pwani na gunia la mwani kichwani, ukweli wa methali hiyo hauko mikononi mwake. Uko mikononi mwa wale anaowakuta mlangoni.